Salamu ya Kifundo cha Mkono

Kila asubuhi, kabla sijanawa uso, huyapima maji kwa kiwiko. Vidole vyangu haviaminiki tena. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vya mkono wa kulia hulala ganzi usiku kucha, na vikiamka huamka kwa hasira, moto ukipanda mpaka begani. Nimejifunza kuishi navyo. Vifungo vya shati sivifungui vyote. Hufungua viwili vya juu nikalivua kama fulana, na kesho yake nikalivaa vivyo hivyo. Kalamu nimeizungushia kipande cha mpira wa baiskeli ili iwe nene. Chai hunywa kwenye bakuli, nikilikumbatia kwa viganja. Sufuria siigusi bila kitambaa hata nikiamini imepoa, kwa sababu siku moja ni harufu ya ngozi yangu mwenyewe iliyonijulisha kwamba nilikuwa nikiungua.

Naandika haya katika chumba cha kupanga huku Rhonda, mjini Nakuru, na sijui nitakaa kwa muda gani. Nimeingia miaka ya arobaini bila kukaa mahali. Nimekuwa karani Gilgil, mwalimu asiye na cheti Subukia, mtunza stoo Molo, na kote huko niliondoka kabla hawajanizoea. Lakini kila ninapohama hutafuta njia itakayonipitisha mahali ninapoweza kuiona ile miteremko ya juu ya Njoro, hata kama ni kuzunguka. Husimama nikaitazama, kisha naendelea na safari.

Juzi daktari mmoja alinigongagonga kifundo cha mkono kwa kidole chake, akaniuliza kama nasikia kitu. Nilisikia kama umeme ukikimbia hadi kwenye kucha. Akasema mshipa wa fahamu umebanwa hapo kwenye kifundo, katika njia nyembamba unamopita. Akauliza kama kuna mtu kwetu aliyekuwa na shida hiyo.

"Baba yangu," nikasema.

"Alifanya nini nayo?"

Nje kulikuwa na foleni ndefu. Nikamwambia aliificha, nikachukua dawa zangu, nikatoka.

Baba alikuwa mkamuaji. Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini, katika shamba la mzungu mmoja juu ya Njoro, mahali pa baridi, penye miti ya misipresi iliyopandwa mstari kuzuia upepo. Ukungu ukipanda uliona chini kabisa ziwa la Nakuru, jeupe, kama mtu amesahau shuka uwanjani. Ng'ombe walikuwa wa gredi, wale wa maziwa wa kizungu, wakubwa, na walikamuliwa kwa mkono kabla ya jua kuchomoza na tena alasiri. Kila mkamuaji alikuwa na ng'ombe wake. Si kwamba aliwamiliki. Walikuwa wamemzoea yeye. Ng'ombe wa namna ile akishazoea mikono ya mtu mmoja, akishikwa na mwingine hubana maziwa, huyapandisha juu, na utakamua mpaka jasho likutoke.

Mkamuaji aliyeaminika alipewa nafasi ya kujenga nyumba, kipande cha kulima, na ruhusa ya kulisha ng'ombe wake wachache katika nyasi za shamba. Nyumba yetu, mahindi ya mama, fahali wetu mwekundu, vyote vilisimama juu ya vidole vya baba. Sikuwahi kuliona jambo hilo hivyo mpaka vidole vilipoanza kufa. Na siku zile hukuweza kubeba mizigo tu ukaenda kutafuta kwingine. Hali ya hatari iliyotangazwa na serikali ya wazungu ilikuwa haijaisha. Mtu aliyeonekana barabarani bila karatasi ya kueleza ametoka wapi na anaenda kwa nani alikuwa mtu wa kukamatwa.

Msimamizi wa banda la kukamulia, nyapara, alikuwa rafiki ya baba. Walikuwa wametahiriwa mwaka mmoja, kwa hiyo hawakuitana kwa majina; kila mmoja alimwita mwenzake rika. Walikuja pamoja katika shamba lile wakiwa vijana, wakakamua bega kwa bega miaka mingi, kila mmoja akimcheka mwenzake kwamba ng'ombe wake wana masikio makubwa kuliko maziwa. Halafu mzungu akamchagua mmoja wao kuwa nyapara. Akampa koti refu la mvua na filimbi. Baba hakuona vibaya. Alisema ni heri koti limwendee mtu anayejua kukamua kuliko mtu anayejua kupiga kelele.

Sasa nieleze jambo la salamu, kwa sababu ndilo lililotuangusha.

Ndani ya banda hakuna aliyempa mwenzake kiganja. Mikono ilikuwa na maziwa na yale mafuta mazito ya kupaka chuchu. Ukiingia ukamkuta mtu kazini, alikunja ngumi, akakunyooshea kifundo cha mkono, nawe ukakishika. Kila mtu kwetu anaijua salamu hiyo. Mwanamke anayekanda unga hukupa kifundo, anayechinja mbuzi hukupa kifundo. Maana yake ni kwamba ningekupa mkono, ila mkono hauko katika hali nzuri. Lakini ukishanawa, ukakausha, ukatoka nje, unatoa kiganja. Kumpa mtu kifundo ukiwa na mikono safi ni kama kumwongelesha kupitia dirishani na mlango uko wazi.

Nilikuwa nimerudi kutoka shule ya sekondari, nikisubiri matokeo, kijana mrefu niliyekwisha kuota ndevu kidogo, na baba akaniombea kazi ya kubeba mikebe ya maziwa bandani. Ndipo nilipoona. Kwanza yalikuwa mambo ya kuchekesha. Kikombe kilimtoka mkononi mezani, mama akamwambia, "Baba watoto, kama chai haina sukari sema, usiitupe." Siku nyingine akaangusha jembe. Halafu nikamwona mama akimfunga vifungo vya shati asubuhi, huku yeye akitazama ukutani kama mtoto anayetolewa mwiba.

"Mkono una nini?" nikauliza.

"Unalala," akasema. "Unalala halafu ukiamka unaniuma kama nimeshika kaa la moto. Kisha unalala tena."

"Uende zahanati."

Mama ndiye aliyejibu. "Aende akasemeje? Kwamba hasikii vidole?"

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Katika shamba jirani kulikuwa na mtu aliyesema hasikii vidole. Walimwangalia ngozi, wakampeleka mbali kwenye makao ya wenye ukoma, na nyumba yake ikachomwa na kila kitu ndani, pamoja na kitanda na picha ya harusi. Watu wetu walijua ganzi moja tu, na jina lake lilikuwa ukoma. Baba hakuwa na doa hata moja mwilini. Mama alikuwa amemkagua mgongo mzima, mchana, mlango ukiwa umefungwa. Lakini nani angengoja kuelezwa habari ya madoa? Na mzungu gani angemwacha mtu wa namna hiyo aguse maziwa?

Kwa hiyo tulikuwa watu watatu tuliojua, na tulikubaliana kunyamaza.

Nikimkumbuka baba sasa, namkumbuka akiishi na mikono ile kama mtu anayeishi na jirani mkorofi, akimpigia mahesabu kabla ya kila hatua. Ndoo aliining'iniza kwenye mkono karibu na kiwiko. Panga alilifunga kamba, akaivaa kamba hiyo kifundoni ili lisimtoroke. Jioni mama alichemsha maji ya chumvi, akayapima yeye kwanza, kwa sababu mara ya kwanza baba alitumbukiza mikono yakiwa yanatokota na akakaa akisema hayajapata moto. Alilala ameuning'iniza mkono nje ya kitanda. Mara nyingine alikwenda nyuma ya nyumba penye thabai, yale majani yanayowasha, akajichapa vidole kwa makusudi. Nilimkuta hapo siku moja.

"Yanasaidia?" nikamuuliza.

"Hapana," akasema. "Lakini yakiwasha kidogo najua bado viko."

Kukamua alikamua kwa masikio. Hilo alinieleza mwenyewe, na nadhani alijivunia kidogo. Alikaa kwenye kigoda, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa ng'ombe, akafumba macho. Maziwa yakipiga chini ya ndoo tupu yana sauti kali. Ndoo ikijaa sauti inakuwa nene. Tone likienda pembeni utalisikia. Chuchu ikikaribia kwisha, sauti inakatikakatika. Vidole havikumwambia kitu, lakini ndoo ilimwambia yote, naye akakaza au kulegeza kwa kuisikiliza. Niliposimama mlangoni na mikebe yangu niliona wakamuaji wengine wakipiga soga, na baba peke yake kimya, kama mtu aliye kanisani. Mmoja wao alimwambia, "Mzee, siku hizi unakamua kama unaungama dhambi." Akacheka nao, kisha akafumba macho tena.

Angeweza kuendelea hivyo, nafikiri. Shida ilikuwa salamu.

Nyapara alikuwa na mkono mzito, na salamu yake na baba ilikuwa ya mchezo tangu ujana. Alimpiga kiganja kwa kishindo, akakibana, akakivuta chini mara kadhaa kama anavuta kengele, huku wote wawili wakipima nani ataachia kwanza. Watoto wa shamba walikuwa wakija kutazama. Mkono ulipoanza kuuma, salamu ile moja ilimmaliza baba kwa siku nzima. Nilimwona akitoka kwayo uso umekuwa wa jivu, akasema amekumbuka kitu, akaenda kuegemea ukuta nyuma ya banda la ndama.

Basi akaanza kutoa kifundo. Ndani ya banda hakuna aliyeshangaa. Kisha akakitoa nje ya banda, na watu wakadhani hajanawa. Kisha akakitoa njiani, dukani, kila mahali. Aliwapa watu wote, si nyapara tu. Lakini watu wengine hawakuwa wakingoja kile kishindo.

Jumapili moja baada ya ibada, nyapara alitukuta nje ya ile shule ya udongo iliyotumika kama kanisa. Baba alikuwa amevaa koti lake jeusi. Mikono yake ilikuwa safi, mama aliipaka mafuta mwenyewe. Nyapara akaja akicheka, kiganja kiko juu tayari. Baba akakunja ngumi, akampa kifundo.

Nyapara alikishika, lakini alikiangalia kwanza.

"Rika," akasema, "leo umemkamua nani ukiwa na koti?"

Watu wakacheka. Baba naye akacheka.

"Nimeshika kitu cha mafuta," akasema.

"Kitu gani?"

"Kitu tu."

"Kanisani?" Nyapara alikuwa bado anatabasamu. "Basi ni mafuta matakatifu hayo. Sisi wenye dhambi tutakupata wapi?"

Mama akaingilia kati kwa kumuuliza habari za mke wake, na mazungumzo yakageuka. Tulipokuwa tukirudi nyumbani mama alisema, "Mwambie yeye. Yeye mmoja tu."

"Ni nyapara," baba akasema.

"Ni rika yako."

"Alikuwa rika yangu kabla ya filimbi. Akijua, itampasa aseme. Asiposema na ikajulikana, hata yeye ataondolewa. Unataka nimpe mzigo huo?"

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka mingi, katika vyumba vingi. Lilikuwa jibu la mtu anayempenda mwenzake. Kwamba lingefika kwa mwenzake kama dharau, sisi sote watatu hatukuliona.

Nyapara alikuja kwetu mara moja zaidi. Alileta maziwa ya kwanza ya ng'ombe wake aliyezaa, kama walivyofanya kila mwaka, mmoja akimpelekea mwenzake. Baba alikuwa ameketi karibu na moto, mikono mikavu juu ya magoti. Hapakuwa na maji, hapakuwa na chakula, hapakuwa na kitu chochote cha kusingizia. Nyapara aliweka kibuyu chini, akanyoosha kiganja, na akangoja. Niliona baba akiutazama ule mkono mkubwa. Nadhani siku ile alikuwa na maumivu makali, maana tangu asubuhi hakuwa ametuongelesha. Akainua kifundo.

Safari hii nyapara hakukishika. Alirudisha mkono wake mfukoni mwa koti la mvua.

"Sikujua koti hili lina harufu," akasema.

"Rika, keti," baba akamwambia. "Keti unywe chai."

"Nina kazi. Sisi vibaraka wa mzungu hatukai." Akamgeukia mama. "Mama, hicho kibuyu usikirudishe upesi."

Mama alikirudisha siku ya tatu, kikiwa na unga ndani, kwa kuwa kibuyu cha mtu hakirudishwi kitupu. Mke wa nyapara alikipokea mlangoni, asimkaribishe ndani.

Baada ya hapo waliongea bandani mambo ya ng'ombe tu. Wakamuaji walisema baba ameona wivu kwa sababu ya filimbi. Nilisikia nikiwa nabeba mikebe. Nikanyamaza, kwa kuwa ndivyo tulivyokubaliana, na kwa kuwa neno la kumtetea baba lilikuwa lile lile la kutuchomea nyumba.

Kisha mvua za masika zikaja.

Banda lilikuwa la mabati. Mvua ya juu kule si ya kunyesha tu, huja na mawe ya barafu, na ikipiga mabati mtu hasikii anayemwita sikioni. Asubuhi ya kwanza nilimwona baba akiinua uso kutoka ubavuni mwa ng'ombe, akatazama paa. Nilielewa papo hapo. Ndoo ilikuwa imenyamaza. Alikuwa amebaki na vidole ambavyo havikuwa na habari yoyote ya kumpa.

Alifanya alichoweza. Kuna namna ya kukamua ambayo katika banda lile ilikatazwa: unakunja kidole gumba ndani na kuibana chuchu kwa kifundo cha kidole, mfupa juu ya nyama. Maziwa hutoka upesi, lakini humuumiza ng'ombe ndani. Wenye haraka na wageni wa kazi ndio hukamua hivyo. Baba alikuwa akiwafukuza vijana kwa sababu hiyo. Sasa alikunja gumba, kwa sababu mfupani alikuwa bado anasikia kitu kidogo, na kwa sababu mvua haikuonyesha dalili ya kuacha.

Ilinyesha asubuhi zote za juma lile. Ng'ombe wake mmoja mweupe, mpole kuliko wote, akaanza kurusha teke. Mwisho wa juma, nilipomimina ndoo ya baba kupitia kitambaa cha kuchujia, kitambaa kikabaki na rangi ya waridi. Katikati kulikuwa na uzi wa damu.

Mzungu alikuwa amesimama pale pale. Hakugomba. Alikwenda mwenyewe akainama chini ya yule ng'ombe mweupe, akashika chuchu moja baada ya nyingine, kisha akamwita nyapara. Alimuuliza kwa Kiswahili chake cha amri kama huyu mtu ni mgonjwa au ni mvivu.

Baba alikuwa amesimama na kigoda mkononi, akikishika kwa viganja viwili. Nyapara alimtazama. Hata leo naamini kama baba angesema neno moja wakati ule, hata neno rika tu, mambo yangekwenda njia nyingine. Lakini kusema ni mgonjwa kulikuwa ni kumaliza kila kitu. Akakivuta kigoda kifuani.

"Si mgonjwa," nyapara akasema. "Siku hizi hataki tu."

Hakusema uongo. Alisema alichokiona.

Tukapewa mpaka mwisho wa mwezi. Mzungu alituandikia karatasi ya njiani, na mama akasema twende Bondeni, mjini Nakuru, kwa ndugu yake aliyekuwa na chumba cha baraza la mji. Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Mama aliyapitia mstari kwa mstari akiyapalilia, mpaka jioni ya mwisho, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Asubuhi ya kuondoka, nyapara alikuja na koti lake na filimbi. Ilikuwa kawaida: mtu anayehama alikaguliwa asije akabeba kitu cha shamba. Huko nyuma kwenye misipresi mkamuaji mpya alikuwa amekwisha kufika, mkewe ameketi juu ya mizigo yao, akitazama mlango wetu bila kututazama sisi. Nyapara alipita akiangalia godoro, sufuria, kuku waliofungwa miguu. Hakugusa kitu. Baba alikuwa akijaribu kukaza kamba ya mzigo wa baiskeli, na kamba ilikuwa ikimponyoka.

"Kaza, twende," nyapara akasema. "Au hata kamba ya mzigo wako hutaki kuishika?"

Mama alikuwa mwanamke wa sauti ndogo. Aliweka chini alichokuwa amebeba, akaenda akasimama mbele ya nyapara.

"Hawezi," akasema. "Mkono wake haushiki hata kifungo. Mimi ndiye ninayemvalisha, kama mtoto. Huu mwaka mzima hasikii vidole, na ukimshika kwa ile salamu yako ya kuvuta kengele analia kwa ndani mpaka jioni. Ulitaka akupe mkono upi?"

"Nyamaza, mama," baba akasema.

"Nimenyamaza mwaka mzima. Tunahama. Ninyamaze nipate nini?" Akamgeukia tena nyapara. "Na ngozi yake ni safi. Njoo umkague kama unataka. Mlango ule pale."

 Nyapara alimtazama baba, kisha akatazama mikono ya baba juu ya kamba, kama anaona ng'ombe aliyempita kila siku na leo ndipo anaona anachechemea.

"Rika," akasema polepole. "Lango la ndama halina mtu tangu Krismasi. Ni kazi ya kufungua na kufunga. Ningekuweka pale."

"Sikujua," baba akasema.

"Ungejuaje? Hukuniuliza."

"Na wewe hukuniuliza."

"Nilidhani ni filimbi."

Baba akatikisa kichwa. Nyapara akasema tungoje. Akapanda mlima kuelekea nyumba ya mzungu, akitembea kwa haraka, koti likimpiga miguuni. Tulingoja kando ya mizigo. Mke wa mkamuaji mpya alisimama, akakaa tena. Najua mama alikuwa anaomba, maana midomo yake ilikuwa inatikisika, na macho yake yalikuwa kwenye mahindi.

Aliporudi alikuwa anatembea taratibu, na tukajua kabla hajafika.

"Ameuliza kwa nini siku ile hakuwa mgonjwa na leo ni mgonjwa," akasema. "Nimekosa la kumwambia."

Akaikaza kamba yeye mwenyewe, akaifunga fundo la wakamuaji, lile la kufungia miguu ya ng'ombe msumbufu. Kisha akasimama mbele ya baba. Akanyoosha kiganja, lakini nusu, si kama zamani, tayari kukirudisha.

Baba alikitazama. Niliona ngumi ikianza kujikunja kwa mazoea. Halafu akaifungua, kidole kwa kidole, akampa mkono mzima.

Hapakuwa na kishindo wala kuvuta kengele. Nyapara aliupokea ule mkono kwa mikono yake miwili kama mtu anayepokea yai, hakuubana hata kidogo. Walisimama hivyo. Sikuona ni nani aliyeachia kwanza.

Tulishuka kuelekea Njoro, baba na mimi tukisukuma baiskeli, mama nyuma na kuku. Shamba likafichwa na miti. Hapo baba akaniuliza, bila kunitazama:

"Alinishika?"

Nilidhani sikusikia vizuri. "Nani?"

"Rika. Pale. Nilimpa mkono, nikaona mikono yake imefunga. Alinishika?"

"Alikushika, baba."

"Sikusikia kitu," akasema.

Aliuweka ule mkono tena juu ya usukani wa baiskeli, akauangalia kama uko mahali pake, na tukaendelea kusukuma.

Baba alifagia soko miaka michache, ufagio akiwa ameufunga kamba kifundoni, kisha akafariki kabla mimi sijapata kazi yangu ya kwanza ya kudumu, ambayo nayo sikudumu nayo. Nyapara hatukumwona tena. Mashamba yale yaligawanywa, watu wakatawanyika, na nilipokwenda kuuliza niliambiwa alihamia upande wa Kuresoi, wengine wakasema Lanet. Lanet nilikwenda. Hakuna aliyemjua.

Siku hizi watu wananipa mikono kila ninapohamia, wageni, kwa furaha, na wengine wana mkono mzito. Huwaambia mapema kwamba mkono huu una shida ya mshipa, washike taratibu. Wanashika taratibu sana. Natazama chini nione kama wamenishika.